Juu ya Chakula cha Wazee Wakaao Majumbani

Mtu akitaja neno utapiamlo, mara sisi hufikiri habari za mtoto mdogo aliyevimba miguu, mwenye nywele zilizogeuka rangi na uso wa huzuni. Si vibaya kufikiri hivyo, maana watoto wengi wamekufa kwa ugonjwa huo. Kwa ajili yake mtoto hupelekwa kliniki mwezi kwa mwezi, hupimwa kwa mizani, na uzito wake huandikwa katika kadi, hata mama asiyejua kusoma aweza kuona kama mstari wapanda au washuka. Lakini bibi yake aliyembeba mgongoni kwenda kliniki, yeye hapimwi na mtu. Akipungua kilo 6 katika mwaka mmoja hakuna kadi itakayoonyesha neno hilo. Watu humtazama wakasema, "Ni uzee tu," na habari ikaishia hapo.

Katika somo hili twataka kuonyesha ya kuwa mara nyingi si uzee tu. Uzee hauna dawa, lakini kukosa chakula kuna dawa, na mtu anayefikiri ya kuwa mambo haya mawili ni jambo moja atamwacha mzee wake afe kabla ya siku zake.

Tusemapo wazee hapa hatusemi wale waliochaguliwa na usharika kuketi barazani. Baadhi yao ni vijana wenye nguvu ya kubeba gunia. Twasema juu ya watu wenye miaka 60 na zaidi, na hasa wale waliopita 70. Katika hesabu ya watu iliyofanywa Tanzania mwaka 2022 walionekana watu 61,741,120, na karibu 6 katika kila 100 walikuwa wa umri huo wa miaka 60 na zaidi. Makao ya kulelea wazee ni machache mno katika nchi yetu. Basi karibu wote hukaa nyumbani, wengine pamoja na watoto wao, wengine pamoja na wajukuu, na wengine peke yao. Mifano yetu twaichukua hasa katika vihamba vya Kilimanjaro, lakini msomaji wa Bukoba, wa Iringa au wa Pare atayatambua mengi kuwa ni ya kwao pia.

Tuanze na mwili wenyewe. Wasomaji watamkumbuka Barzilai, Mgileadi, ambaye habari zake zimo katika Kitabu cha Pili cha Samweli. Mfalme Daudi alipomwalika kwenda Yerusalemu ili amtunze, alikataa, akataja miaka yake 80, na ya kuwa hawezi tena kuonja ladha ya chakula wala kinywaji. Madaktari wa siku hizi wasema vivyo hivyo. Ulimi na pua za mzee hupungua nguvu, na chakula kilichokuwa kitamu humwia kama majani makavu. Tumbo lake hutoa chakula polepole, kwa hiyo hushiba upesi. Akila vijiko vichache asema ametosheka, naye hasemi uongo. Hata kiu humpungua, asihisi kwamba mwili wake wataka maji. Tena wako wazee wengi, hasa akina mama, wanaojinyima maji kwa kusudi tangu jioni, kwa kuogopa kwenda choo cha nje usiku katika giza na utelezi. Mtu asiyekunywa hupata tumbo gumu, na mwenye tumbo gumu hana hamu ya kula.

Hapo liko kosa moja ambalo watu wengi hulifanya kwa moyo mwema. Hufikiri kwamba kwa kuwa mzee halimi wala habebi mizigo, kidogo chochote chamtosha. Ni kweli kwamba chakula cha kutia nguvu, kama ugali, ndizi na viazi, hahitaji kingi kama kijana. Lakini chakula cha kujenga mwili, yaani kile chenye protini, hahitaji kidogo kuliko kijana. Ahitaji zaidi, maana mwili wake hauitumii protini kwa wepesi kama zamani. Akikosa, mwili hula nyama yake mwenyewe. Katika Marekani wazee wenye afya waliombwa kulala kitandani siku 10 tu, na habari zao zilichapishwa mwaka 2007: walipoteza nyama ya miguu iliyokaribia kilo nzima. Kama ni hivyo kwa wazee wazima waliolishwa kwa kipimo, itakuwaje kwa mzee aliyelala wiki tatu kwa malaria na kuletewa uji mtupu? Akiondoka kitandani miguu haimchukui tena. Asipotembea hapati njaa, na asipopata njaa hali. Ndivyo mzee anavyoanza kuteremka, na mwenye kuangalia hakuona siku aliyoanza.

Sasa tutoke katika mwili twende shambani, maana huko ndiko mengi yanakoanzia.

Mtu wa mlimani hula kutoka katika kihamba chake: ndizi, maharage, magimbi, mboga, na maziwa ya ng'ombe wa zizini. Ng'ombe huyo haendi malishoni. Majani huletewa, na mengi hutoka mbali, katika nchi ya chini. Muda wote ambapo mama wa nyumba ana nguvu ya kukata na kubeba, maziwa yapo. Siku magoti yake yanapokataa mteremko, majani hupungua, kisha maziwa hupungua, mwisho ng'ombe huuzwa, na watu husema, "Ni afadhali, bibi apumzike." Lakini pamoja na ng'ombe yameondoka mambo mawili. La kwanza ni kikombe cha maziwa cha kila siku, ambacho pengine ndicho chakula pekee cha kujenga mwili alichokila bila taabu ya kutafuna. La pili ni samadi, na bila samadi migomba hukonda, mikungu ikawa midogo. Shamba la mahindi na maharage lililoko tambarare nalo hukodishwa, au huachwa. Hivyo kuuza ng'ombe mmoja ambaye hakuna wa kumkatia majani kumepunguza chakula cha nyumba kwa njia tatu, na hakuna hata mmoja katika ukoo aliyekusudia kumnyima mzee kitu.

Watoto je? Wako Moshi, Arusha na Dar es Salaam, na wengine ng'ambo. Wengi hutuma fedha kwa simu, nasi hatuwezi kuwalaumu kwamba hawajali. Walakini fedha hazijipiki. Mzee aliyepata shilingi zake kwa simu bado ana kilima cha kupanda hadi kwa wakala, na njia ya kwenda sokoni siku ya gulio, na mzigo wa kurudi nao, na kuni za kupasua. Maharage hutaka moto wa muda mrefu. Mtu mmoja mnyonge hawashi moto wa saa tatu kwa ajili ya bakuli moja. Huchemsha chai ya rangi, akaitelemshia kipande cha kiazi au mkate, na kesho vivyo hivyo. Tumetembelea nyumba ambamo simu ina fedha na chungu hakina kitu. Tena wakati wa Krismasi watoto hurudi, mbuzi huchinjwa, mzee hula na kucheka, nao huondoka wakisema, "Tumemkuta mzima." Wiki moja ya Desemba haiwaonyeshi mwezi wa Aprili wakati wa masika.

Mjane na mgane hawafanani katika jambo hili. Mama aliyefiwa na mume mara nyingi hupungukiwa fedha, na pengine hugombezwa na ndugu juu ya kihamba. Lakini kupika ajua. Mwanamume aliyefiwa na mke aweza kuwa na mashamba na heshima, naye hajapata kusonga ugali tangu kuzaliwa kwake. Kwa desturi yetu ni aibu kwake kuingia jikoni, na ni aibu vilevile kwenda kwa mkwewe kuomba. Hungoja aletewe. Akiletewa jioni akakuta hamu imekwisha, sahani hurudi jinsi ilivyokuja, na kesho yake huletewa kidogo zaidi. Wengine katika hali hiyo huhamia kilabuni. Mbege hujaza tumbo na kuondoa upweke kwa saa chache, nayo ina ulezi na ndizi ndani yake, hilo hatulikani. Lakini mwenye kuinywa mahali pa chakula hapati protini ya kumtosha, na anywaye gongo hapati kitu ila hasara. Twafikiri kwamba mwanamume akiwa na miaka 50, mkewe angali hai, na ajifunze kupika mtori. Watakaocheka na wacheke.

Tena wako wazee walio na wajukuu nyumbani, ambao wazazi wao wamekufa au wako mjini. Katika nyumba hizi chakula kikiwa kidogo, bibi hula mwisho. Huwaambia watoto, "Mimi nimekwisha kula." Mwalimu wa usharika anayepita hapo asiulize kama kuna chakula ndani, aulize ni nani aliyekula, na ni nini alichokila.

Habari za kinywa tutazisema kwa ufupi. Mzee asiye na meno huacha nyama kwanza, kisha njugu, kisha mahindi ya kuchemsha na matunda magumu, mpaka amebaki na vitu laini visivyo na nguvu. Mwenye vidonda vya ufizi huwa kimya kwa sababu ya aibu. Macho nayo yana sehemu yake: mwenye mtoto wa jicho haoni mawe katika maharage, haoni kama mboga zimeiva, haoni shimo njiani, kwa hiyo haendi sokoni. Mtoto wa jicho huondolewa hospitalini kwa upasuaji mdogo, na mara nyingi mtu hurudi kupika mwenyewe.

Lakini kuna dalili moja ya koo ambayo hatutaki ipite upesi. Mzee akisema kwamba ugali au ndizi zinamkwama kifuani, na baada ya majuma machache akawa ameza uji tu, asipewe dawa ya kienyeji na kungojewa. Nchi zetu, tangu Ethiopia kushuka Kenya, Tanzania na Malawi hata Afrika ya Kusini, zina saratani ya umio kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na Kilimanjaro haikusalimika. Apelekwe hospitali kubwa juma lile lile. Na kwa kuwa tumefika hapo, ni vizuri kujua ya kuwa mwaka 2016 shirika la uchunguzi wa saratani la dunia lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyopita nyuzi 65, yaelekea huleta saratani ya umio. Chai na ipoe kidogo kabla ya kunywewa. Ladha yake haitapotea.

Dawa nazo huondoa hamu ya chakula, ijapokuwa ni za lazima. Metformini, ambayo wagonjwa wa sukari wengi huimeza, hutia wengine kichefuchefu, tena mtu akiitumia miaka mingi aweza kupungukiwa vitamini B12, ambayo hupatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Vidonge vya maumivu vinavyonunuliwa dukani, kama diklofenaki, huchoma tumbo na kutia vidonda, na wazee ndio wanaodhurika zaidi. Hatusemi mtu aache dawa alizopewa na daktari. Twasema asinyamaze kama zinamkosesha kula, maana daktari aweza kubadili dawa au kipimo.

Karibu na hayo ni miiko ya kujitungia. Mzee aambiwa ana presha, na jirani humkataza chumvi, nyama na mayai. Mwaka unaofuata aambiwa ana sukari, na jirani mwingine humkataza ndizi, wali, matunda na maziwa. Mwisho amebakiwa na ugali wa dona na mchicha, kila siku, bila chumvi, naye akonda huku watu wakimsifu kwa utii. Mzee aliye mnene na mwenye nguvu yafaa apunguze sukari na chumvi kama alivyoagizwa. Lakini mzee aliyekonda, asiyekuwa na hamu, hatari yake iliyo karibu ni njaa, na makatazo yote hayo yapasa kuulizwa upya kwa daktari.

Jambo linalofuata twalisema kwa kirefu, kwa kuwa limevunja amani ya nyumba nyingi, na kesi zake huletwa mbele ya wazee wa usharika.

Mama mzee huenda kwa majirani akasema, "Mke wa mwanangu hanipi chakula; leo siku ya pili sijaonja kitu." Majirani hukasirika. Mkwe huitwa, hulia, huapa kwamba alimpa asubuhi na mchana. Nani aaminiwe? Wako wakwe wagumu wa moyo, hatufichi. Lakini yuko pia mzee mwenye ugonjwa wa usahaulifu, ambaye amekula saa ile ile na hakumbuki, naye husema kwa moyo safi kabisa. Ugonjwa huu si wa nchi za mbali tu. Katika wilaya ya Hai, watu wenye miaka 70 na zaidi walichunguzwa kijiji kwa kijiji, na uchunguzi ule, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba kiasi cha 6 katika kila 100 walikuwa nao. Na usahaulifu hufanya kazi kwa pande mbili: mwingine husahau kwamba amekula, na mwingine husahau kula, naye akiulizwa hujibu kwamba ameshiba. Huyu wa pili hana mshtaki, kwa hiyo hufa kimya zaidi.

Basi, mashtaka ya namna hii yakija, baraza lisikate neno siku ile. Na aende mtu mwenye busara nyumbani humo wakati wa chakula, si mara moja, bali siku mbalimbali bila kutoa habari. Aangalie kilichopikwa, na jinsi mzee anavyokula, na kama yuko wa kumkalisha na kumkumbusha. Kisha mzee apimwe uzito, na baada ya mwezi apimwe tena. Uzito ukisimama pale pale, ni vigumu kuamini kwamba ananyimwa chakula siku mbili mbili. Yaelekea ni usahaulifu, na mkwe ahitaji msaada badala ya karipio. Uzito ukishuka, bado haujamhukumu mkwe, kwa maana huenda mzee hawezi kumeza, au ana kifua kikuu, au sukari, au huzuni inayomfunga kinywa. Lakini sasa inajulikana ya kuwa kuna hatari, na jambo la kwanza ni hospitali. Tumeona mama kijana aliyeondolewa kwa aibu katika nyumba ya mumewe kwa neno la mzee asiyejua tena ni siku gani ya juma. Na baada ya yeye kuondoka hakuwapo wa kumlisha mzee huyo kabisa.

Huzuni tumeitaja. Mzee aliyezika mwenzi wake au mtoto wake aweza kuacha kula kwa miezi, na wafariji huja siku za matanga, wakala chakula cha msiba pamoja naye, wakaondoka. Majuma yanayofuata ndiyo mabaya zaidi. Mtu hula zaidi akiwa na mwenziwe mezani kuliko akiwa peke yake. Jambo hili kila mmoja wetu alijua kwa nafsi yake. Kwa sababu hiyo, anayemtembelea mzee na apange kufika saa ya chakula, achukue alichonacho, na aketi ale naye. Kipeto cha sukari kilichoachwa mlangoni hakifanyi kazi hiyo.

Sasa twawezaje kujua mapema? Zipo ishara zinazoonekana bila chombo chochote. Mkanda umetobolewa tundu jipya. Pete yateleza kidoleni. Kanga iliyokuwa ikizunguka mara moja na nusu sasa yazunguka mara mbili. Meno ya bandia yaanguka. Mashavu na kingo za vichwa vya macho vimebonyea. Madaktari wa Ufaransa, Uswisi na Marekani walitunga katika miaka ya 1990 maswali ya kuwapima wazee, na mwaka 2001 yakafupishwa kuwa mambo sita tu, ambayo mwalimu yeyote aweza kuyakumbuka. Je, katika miezi mitatu iliyopita amekula kidogo kuliko desturi yake, kwa kukosa hamu au kwa taabu ya tumbo, ya kutafuna au ya kumeza? Je, katika miezi hiyo amepungua uzito, na hasa zaidi ya kilo 3? Aweza kuondoka kitandani, tena aweza kutoka nje ya nyumba? Amepatwa na msiba mzito au ugonjwa mkali? Ana usahaulifu au huzuni nyingi? Na la sita ni uzito wake ukilinganishwa na urefu wake. Hospitalini majibu hupewa alama, zote pamoja 14. Mwenye 12 au zaidi ni salama, mwenye 8 hadi 11 yuko hatarini, na mwenye 7 au pungufu ana utapiamlo.

Hilo la sita lina shida kwa wazee, kwa kuwa wengi wamepinda mgongo na urefu wao haupimiki vizuri. Walakini kuna njia nyingine iliyokubaliwa, nayo yataka utepe wa mshonaji tu. Mzee aketi kitini, goti likunjwe na nyayo ikae sakafuni. Utepe uzungushwe penye shavu la mguu palipo panene kuliko pote, bila kuukaza. Ikiwa ni pungufu ya sentimita 31, ni ishara mbaya. Lakini mguu uliovimba hudanganya: bonyeza kwa kidole juu ya mfupa, shimo likibaki, kuna maji, na kipimo hicho kisiaminiwe. Kuvimba kwenyewe ni sababu ya kwenda hospitali.

Juu ya chakula, hesabu yake si ngumu. Wataalamu washauri mzee apate kila siku gramu 1 ya protini, au zaidi kidogo, kwa kila kilo ya uzito wake. Mama mwenye kilo 50 ahitaji basi gramu 50 hadi 60. Ndizi za kupika, ambazo sisi twazipenda kuliko vyote, zina gramu 1 tu au zaidi kidogo katika gramu 100. Mtu akila kilo nzima, jambo ambalo mzee haliwezi, amepata kama gramu 10. Yai moja lina gramu 6. Kikombe cha maziwa cha robo lita kina gramu 8. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama gramu 15. Vikombe 2 vya maziwa, yai 1 na kikombe 1 cha maharage ni gramu 37, na iliyosalia hupatikana katika unga, ndizi na mboga, na katika nyama au dagaa siku zipatikanapo. Mwenye ugonjwa wa mafigo aulize daktari kwanza.

Namna ya kukipika yahusu kinywa na tumbo tulivyoeleza. Nyama ya mtori isagwe au ipondwe, isiachwe vipande. Kiburu kipondwe laini na kitiwe maziwa. Uji wa ulezi utiwe maziwa, au unga wa karanga, au yai lililokorogwa na kuchemka ndani yake, wala usiwe maji ya moto yenye rangi. Dagaa wakaangwe bila mafuta, watwangwe, na unga wao utiwe katika mboga. Parachichi, ambalo huku mlimani huuzwa lote kwa wachuuzi, ni laini na lina mafuta mengi. Moja libaki kwa mzee. Chai isinywewe pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga. Inywewe saa moja baadaye. Na kwa kuwa hushiba upesi, apewe kidogo mara tano badala ya sahani kubwa mara mbili.

Onyo moja limebaki, nalo ni la mzee aliyekutwa amekaa siku nyingi karibu bila kula kabisa. Huyu asiletewe karamu. Mwili uliozoea njaa ukipewa shibe ya ghafula, madini ya damu hugeuka kwa upesi, na moyo waweza kusimama. Neno hili lilionekana kwa wafungwa walioachiliwa mwishoni mwa vita vya mwaka 1945. Apewe uji wa maziwa kidogo kidogo, na apelekwe hospitali siku ile ile, walimlishe huko kwa kipimo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliagiza ya kuwa wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Kwa hiyo familia iende kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa na kwa ofisi ya ustawi wa jamii kuuliza juu ya kitambulisho, wasingoje mpaka mgonjwa azidiwe. Anayemsindikiza mzee na awe yule anayekaa naye nyumbani, maana ndiye ajuaye anakula nini. Tena achukue dawa zote zilizomo ndani, hata zile zilizonunuliwa dukani na zile za kienyeji, amwekee daktari mezani azione.